Mabao Tisini na Tisa na Kifua Kimoja

Kama umetoka hospitali asubuhi hii na kikopo cha plastiki mfukoni, umeambiwa uteme humo makohozi ya alfajiri kabla hujagusa chai, na sasa umeketi mahali unakitazama kama mtu anayetazama nyoka chini ya kitanda, haya ninakuandikia wewe. Changu nilikitazama vivyo hivyo. Kwanza nilicheka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kucheka. Kisha nikakirudisha mfukoni, nisionekane nacho.

Jina langu ni Katana. Wakati huo nilikuwa nikikwangua chumvi kule Marereni, na mwisho wa wiki nilikuwa mshambuliaji wa kati wa timu ya wafanyakazi, tuliyoiita Munyu, ambalo kwetu Wagiriama ndilo jina la chumvi. Habari za vijidudu na mapafu sitakueleza. Elimu yangu niliipata darasa la jioni, kwa taa ya chemli, nikiwa tayari ni baba wa mtu, na mwalimu wetu hakufika huko. Nitakueleza nilivyoogopa. Somo hilo nililisoma mpaka likaisha.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua ilikataa, wakulima wa Marafa wakawa wanatazama mbingu hadi shingo zikawauma, lakini chumvi hupenda jua, na sisi wa mabwawani tulikwangua mpaka ngozi za viganja zikabaki kwenye mipini. Kitambulisho changu kilisema nina miaka thelathini na minane. Mama yangu alisema kitambulisho kinanipendelea. Katika mpira huo ni uzee wa kupewa kiti, na vijana wa timu walikuwa wakiniita Mzee mbele ya wake zao. Lakini hawakuthubutu kuniambia nikae nje, maana nilikuwa na mabao tisini na manane, na Marereni nzima ilikuwa ikingoja la mia.

Hesabu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa vinywani mwa watu. Wanawake waliobeba chumvi kwa karai walinisalimia kwa hesabu kabla ya jina. Na karibu mabao yote niliyafunga kwa kichwa. Nilikuwa nikiruka, haki ya Mungu, napata nafasi ya kutazama huku na huku, naona paa za Malindi, nasalimia watu wawili watatu, ndipo nakumbuka kwamba kuna mpira.

Kikohozi kilinianza na baridi ya kusi. Sikukiogopa, na nitakuambia kwa nini. Sisi watu wa chumvi tulikuwa na imani yetu ambayo hakuna mganga wala daktari aliyetupa. Papa akitiwa chumvi anakaa miezi na miezi bila kuoza. Sasa mtu anayeamka katika chumvi, akala chumvi, akalala na chumvi masikioni, kifua chake kitaozea wapi? Magonjwa ya kifua tuliwaachia watu wa mjini, wasiokauka vizuri. Kwa hiyo nilipokohoa, wazee wa kazi walinielekeza maji ya bwawa la mwisho, yale mazito yanayokaribia kuganda, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Niliyanywa. Yalinichoma mpaka visigino. Nikasema, naam, dawa hiyo inafanya kazi.

Bao la tisini na tisa nililifunga nyumbani, kusi ikiisha, dhidi ya timu moja kutoka Malindi. Mpira uliletwa na Charo, winga wetu wa kulia, kijana mwenye mbio na mdomo. Niliupanda kama ngazi, nikaupiga kwa kipaji cha uso, wavu ukaitika. Nilipotua, kifua kilipasuka kwa kikohozi. Niliinama, mkono mdomoni, uwanja mzima ukiimba jina langu, na nilipofungua kiganja nikaona wekundu. Nikajiambia nimeuma ulimi. Nikaupapasa ulimi kwa meno, ukawa mzima kabisa. Nikapangusa mkono kwenye kaptura na kuinua ngumi juu, kwa kuwa ndivyo mfungaji anavyofanya.

Munyu tulikuwa na desturi. Siku ya ushindi huletwa kibuyu cha mnazi, ile pombe igemwayo minazini, na aliyefunga ndiye anayeanza kunywa kwa mrija. Kisha kibuyu kile na mrija ule ule huzunguka timu nzima, kutoka kinywa hadi kinywa, kipa wa mwisho. Ukiuruka unaambiwa una wivu. Asiyekunywa alikuwa mmoja tu, kocha wetu Wafula, fundi wa mitambo kutoka bara, mlokole, ambaye alikuwa akisimama kando na soda yake kama polisi wa harusi. Siku ile nilinywa, nikampa Charo, Charo akampa mwenzake, na mrija ukaenda zake.

Mke wangu Kadzo aliona damu kwenye mto siku chache baadaye. Nikamwambia ni ulimi. Akaniambia nitoe ulimi. Nikautoa. Akautazama kama anayenunua samaki, akasema, "Baba Mbodze, hii si damu ya ulimi."

Nikamkumbusha habari ya papa na chumvi. Alikuwa anafunga kanga kiunoni, akaacha.

"Papa hutiwa chumvi akiwa ameshakufa," alisema.

Tulipanda basi la Malindi asubuhi yake.

Kule hospitali benchi la watu wa kifua lilikuwa nje, chini ya bati, mbali na benchi la wajawazito na la homa. Ukiketi pale, kila anayepita anajua kinachokupata, na wengi wanakumbuka ghafla kwamba njia yao ni upande wa pili. Kadzo aliketi kando yangu akiwa amempakata Mbodze, binti yetu wa miaka mitatu. Nikasogea niwape nafasi. Akasogea akanifuata. Nikasogea tena, naye akasogea. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa benchi. Ningesogea tena ningeketi hewani. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu. Mbodze alikuwa na mazoea ya kulala kifudifudi juu ya kifua changu, pua yake shingoni pangu. Kila jioni, kusi nzima, alilala juu ya kifua hicho hicho.

Vikopo vya makohozi vilipojibu, aliyeniita ndani alikuwa Sista Mwanaisha, mwanamke wa Malindi ya kale, mwenye Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba hata habari mbaya ilisikika kama mwaliko. Alinionyesha kiti. Kwa adabu ile ile alivuta dirisha likawa wazi zaidi.

"Una kifua kikuu, Bwana Katana. Kinatibika, ila kinataka utii. Ukiiacha dawa njiani, kitarudi na hasira."

Nilimuuliza nitacheza lini. Sijui kwa nini swali hilo ndilo lililotangulia. Nilimweleza habari ya tisini na tisa, kwamba ninazeeka, kwamba msimu unaofuata huenda ndio wangu wa mwisho. Alinisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi.

"Kwanza tuulize kama utaishi," alisema. "Ukishaishi, njoo tuulizane hilo la pili."

Watu husema damu iliwaganda. Mimi damu yangu ilikaa chini ikakunja miguu. Tangu siku ile maswali mawili yale, nitaishi, nitafunga, yalikaa kichwani mwangu kama ndugu wawili wanaogombania kitanda, na mara nyingine nilikuwa sijui ni lipi linalonitisha zaidi.

Walinilaza. Kadzo akapimwa, akawa mzima. Mbodze akapewa vidonge vyake vya kumlinda, akavitafuna kama peremende, na mimi nikamtazama kwa dirisha la wodi kwa kuwa ndani hakuruhusiwa.

Dirisha lile lile ndilo lililonionyesha lori la chumvi likiingia uani siku moja, na timu yote ya Munyu ikishuka. Wafula alikuwa amewakusanya. Habari ya ugonjwa wangu ilikuwa imewafikia, na wote wakaukumbuka mrija. Nikawaona wamepanga mstari, wanaume wazima, kila mmoja na kikopo chake, hakuna anayemtazama mwenziwe. Charo, mwenye mdomo, alikuwa akifungua na kufunga kifuniko. Muuguzi wa zamu alimuuliza Wafula kwa nini naye yumo, ilhali ameshasema si mnywaji.

"Huo mnazi wao mimi sijaonja hata siku moja," Wafula akasema kwa sauti ya kusikika Lamu, "lakini nitatema. Kocha hawezi kuachwa bench siku kama hii."

Walicheka kidogo. Kisha wakapunga mikono kuelekea dirisha langu wakiwa mbali, wakapanda lori.

Siku za kungojea majibu yao zilinila kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikuwa nikifunga macho nauona mrija ukienda, naona shavu la Charo likibonyea anavyovuta. Bao langu la tisini na tisa, lililoimbwa hata na wanawake wa mabwawani, lingekuwa limezika timu. Niliwazika wote kichwani, mmoja mmoja, nikawaandalia na hanga, matanga ya kwetu. Majibu yalipotoka, wote walikuwa wazima. Sista Mwanaisha akanieleza kwamba mrija haukuwa na hatia sana. Ugonjwa husafiri kwa pumzi ya mwenye kukohoa. Nilishukuru mpaka nikapiga magoti. Lakini niliambiwa kwamba kuanzia hapo, Munyu wakikutana, kila mtu anakuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Kibuyu kiliachwa. Hakuna aliyenilaumu, nami nikajua ni mimi niliyekiua.

Sasa sindano. Kila asubuhi, makalioni, upande huu leo na ule kesho. Makalio yangu yakawa kama kifumbu cha kuchujia tui. Nilikuwa nikioga nashangaa maji hayatokei upande wa pili. Vidonge vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti. Nilikuwa nimekonda hata nikisimama ubavu muuguzi ananipita akiniita kwa jina nikiwa mbele yake. Mapaja yaliyokuwa yakinirusha hadi kuona paa za Malindi yalikuwa yamebaki mifupa na ngozi, na nikikaa kitandani magoti yalionekana makubwa kama ya mtu mwingine niliyoyaazima.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mzee Shee, kinyozi wa mjini. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, aliitikia, akanikagua, akauliza kama mimi ndiye yule wa kufunga kwa kichwa. Nikasema ndiye. Akasema kichwa chenyewe mbona kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kunywa vidonge na uji wa moto ili visirudi, kulala ubavu unaouma, na kutokutazama kitanda cha mbele kinapozungushiwa pazia. Alikuwa ameshaanza kunawiri. Aliniahidi kuninyoa siku nitakayotoka, kwa kuwa, alisema, nywele zangu zinawatisha wagonjwa.

Asubuhi moja niliamka nikakuta godoro lake limekunjwa mara mbili na kuwekwa kwenye kichwa cha kitanda, kama wafanyavyo kwa aliyekufa usiku. Hakukuwa na kelele wala mtu wa kuuliza. Niliweka vidole kwenye mshipa wa shingo, nikausikiliza moyo wangu, na sikuviondoa mpaka Sista alipokuja na sindano. Aliniona. Alinishika mkono akaushusha taratibu, akaniambia nigeuke.

Wakati huo nyumbani mambo yalikuwa yamechafuka. Ndugu zake Kadzo walikuwa wakimtaka arudi kwao na mtoto mpaka ijulikane nitapona au nitakufa. Walikuwa na haki yao. Hata mimi ningekuwa kaka yake ningesema hayo. Kadzo alinificha, lakini niliona anavyokuja na macho mekundu. Kisha siku ya kuona wagonjwa, badala ya Kadzo akaja mama yake, peke yake, na mtungi wa uji kichwani. Nikajua ameletwa na ujumbe.

Sharti nikueleze adabu ya kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama mkwe wangu akiwa na neno na mimi humwambia mtoto, au kuku, nami husikia. Basi pale wodini aliketi kizingitini, mgongo kwangu, akatua mtungi, akatafuta wa kumwambia. Hakukuwa na mtoto wala kuku. Akauambia ukuta.

"Ukuta, mwambie huyu bwana kwamba wanangu wamesema mengi. Kadzo nilimzaa mimi, hawakumzaa wao. Haendi popote. Na uji huu una maziwa, asiumwage."

Nikauambia ukuta asante. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. Aliketi pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, hakugeuka hata mara moja. Na mimi nilimtazama mgongo ule nikawaza kwamba katika watu wote ninaowajua, walionisogelea zamani na sasa wamesogea nyuma, huyu peke yake alikuwa mahali pale pale alipokuwa siku zote.

Vuli ilipoanza kunyesha, mvua haba ya kutia watu tamaa, masikio yangu yakaanza kuimba. Nyenze wakaingia wawili, mmoja kila upande, wakaimba mchana kutwa. Kisha siku moja nikiwa bafuni, sabuni usoni, nilifumba macho na sakafu ikaondoka. Nilianguka kama gunia. Nikainuka, nikafumba macho tena kujaribu, nikaanguka tena. Hapo ndipo nilipoogopa kwa namna mpya, maana mshambuliaji wa kichwa anaishi kwa kujua juu ni wapi.

Nilimwambia Sista siku hiyo hiyo, nawe ukisikia nyenze mwambie wako siku hiyo hiyo, usingoje wazoee kukaa. Alinitembeza kwenye mstari wa sakafu nikayumba kama mtu aliyetoka mnazini. Akaenda kwa daktari, sindano zikasimamishwa kwa kuwa ndizo zilizowaleta nyenze, nikabadilishiwa dawa. Nikamuuliza kama nitakuwa kama zamani.

"Kilichokwenda sikuahidi kwamba kitarudi," akasema. "Hicho kilichobaki ndicho ninachokitaka mimi. Wewe unakitaka?"

Nikasema ninakitaka. Lakini nilipotoka nje niliinua uso kutazama juu ya mnazi, kama mtu anayefuata mpira, na mnazi ulilala, ukuta ukainuka, na nikaukumbatia mlingoti wa bomba la maji mpaka dunia ikarudi.

Nilitoka hospitali kaskazi ikivuma, na mfuko wa vidonge wa kumlisha mbuzi. Nilivinywa kaskazi yote. Nilivinywa masika, na masika ya mwaka huo yalikumbuka kunyesha, mabwawa yakajaa maji matamu na kazi ikasimama. Kifua kilinyamaza mapema sana, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kifua kikinyamaza vidonge vinaonekana kama uchokozi. Kadzo alikuwa akisimama mbele yangu na bakuli la maji mpaka aone koo limepanda na kushuka. Mwili ulirudi kidogokidogo. Nilirudishwa kazini, nikapewa kushona magunia langoni, kazi ya kukaa.

Lakini watu hawakurudi. Walinisalimia kwa upendo, sitawasingizia, ila salamu walizirusha kama mtu anayesalimia ng'ambo ya mto. Mikono haikuletwa. Nikiketi kwenye benchi la chai, benchi lilipumua, likabaki langu. Sista alikuwa ameniandikia kwamba siambukizi tena. Cheti hicho ningelikivaa shingoni wangelikisoma kwa mbali.

Nikaanza mazoezi kabla ya kuambiwa nianze. Kati ya bwawa na bwawa la chumvi kuna kuta nyembamba za udongo, upana wa nyayo mbili. Nilikuwa nikizitembea nikiwa nimeinua uso juu, kuifundisha dunia isigeuke. Nilianguka bwawani mara zisizo na idadi, nikatoka mweupe kama pepo aliyeokwa, na wanawake wa karai walicheka mpaka chumvi ikamwagika. Ukutani nilikuwa nayumba kidogo zaidi ya jana, au kidogo pungufu, sikuwa na uhakika. Kadzo alinikuta nikijikausha.

"Mia ya nini, Baba Mbodze? Utaila?"

Nilitaka kufanya mzaha, ukakataa kutoka. Nikamwambia ukweli, kwamba mtu akifunga bao watu humkimbilia. Hawafikirii, hukimbia tu. Nilitaka waje mbio mara moja tu, kabla hawajakumbuka.

Alinikausha mgongo kwa kanga yake, polepole kuliko ilivyohitajika.

Siku niliyomaliza vidonge, Sista Mwanaisha aliitazama picha ya kifua changu kwenye dirisha, akaniambia kuna kovu lakini kumetulia. Nikamkumbusha lile swali la pili. Akasema dakika chache, na nikisikia uchungu nitoke. Wafula naye akasema mchezo wa mwisho wa msimu ni Mnarani, ng'ambo ya maji ya Kilifi, na kwamba hawezi kuniahidi ila ataniangalia.

Kwenye kivuko wenzangu walisimama upande mmoja na mimi upande wangu. Nilidhani chombo kitainama kwa uzito wao. Charo alinipa ishara ya dole gumba kutoka kule. Nilikuwa na hofu mpaka meno yalikuwa baridi. Niliogopa kukohoa, maana kikohozi kimoja cha vumbi kingetosha kuwafukuza wote baharini. Niliogopa kuanguka mbele ya umati wa ugenini. Na niliogopa jambo ambalo sikulisema hata kwa Kadzo, kwamba kovu litafunguka pale uwanjani na nitatema wekundu ule ule.

Wafula aliniingiza mwishoni, timu zikiwa sare. Jezi ilinining'inia kama shuka kwenye kamba. Nilikimbia hatua chache, nikasimama kusikiliza kifua, nikakimbia tena. Mpira haukunijia, na nilianza kushukuru. Kisha Charo akaupata pembeni, akampita mtu wake, akaniona. Aliuinua. Ulikuja vile vile ulivyokuja mwaka uliotangulia, juu, ukizunguka, wenye jina langu.

Nikainua uso na mbingu ikageuka.

Sikuruka. Nilianguka kifudifudi, mikono mbele, na nikiwa ninaanguka kitu kizito kilinigonga kisogoni. Nilipopata kufumbua macho nilikuwa na mchanga mdomoni na mpira ulikuwa wavuni. Bao la mia. La kisogo, nimelala.

Nikageuka chali nikiwangoja. Nao walikuja, Charo mbele, mikono imefunguliwa, wote wanakimbia. Na kisha, hatua chache kabla ya kunifikia, niliwaona wakikumbuka. Walisimama kama waliofika ukingo wa kisima. Charo alishusha mikono. Nilielewa kwamba hata mia nyingine haitatosha.

Aliyenifikia alikuwa kipa wao. Pandikizi la mtu, ana hasira, hajui mimi ni nani wala nilikuwa wapi mwaka mzima. Alinikwida jezi kwa mikono miwili, akaniinua kutoka mchangani, pua kwa pua.

"Umeotea, mzee! Umeotea na umelala!"

Mate yake yalinipiga usoni. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya tumbaku na vitunguu, na niliivuta yote. Alinitikisa, akanitukana, akanibana kifuani pake ili refa aone vizuri mhalifu ni nani. Tangu nilipoingia hospitali, nje ya nyumba yangu na mikono ya Sista, hakuna mtu aliyekuwa amenikaribia hivyo. Nilitaka agombane nami mpaka jua lizame.

Hapo Charo akaruka. Hakukumbuka chochote. Alimsukuma kipa, mwenziwe akasukumwa, Munyu yote ikaingia, Mnarani nao wakaingia, na mimi nikawa chini ya rundo la watu, kiwiko cha mtu mbavuni, kidevu cha mtu mwingine kichwani mwangu, jasho lao linanichuruzikia machoni. Nilikohoa, kwa vumbi. Nikatazama kiganja. Kilikuwa na mchanga tu. Na hakuna aliyesogea.

Refa alipotutenganisha mkono wake ulikuwa umeshainuka. Nimeotea, hakuna bao. Kwa hiyo ni tisini na tisa mpaka leo, maana sikucheza tena. Dunia bado inageuka nikitazama juu, na Kadzo alikuwa amenikubalia mchezo mmoja tu. Wenzangu walimzonga refa wakidai haki yangu. Nilimwambia Charo kwamba refa hakukosea, kwamba nilikuwa nimeotea hata kabla ya kuanguka.

"Wewe nyamaza," akasema. "Uso ulikuwa mchangani, uliona nini?"

Akanipitishia mkono mabegani, anivute tutoke uwanjani, huku akiendelea kumtukana refa kwa nyuma. Alimtukana njia nzima. Mkono wake aliusahau pale pale mpaka tukafika kivukoni. Sikumkumbusha.